Lile Giza Katikati ya Klipu ni Kosa Letu Sisi Waandishi wa Programu

Nilipotea kidogo, kazi zilibana, lakini leo nimerudi na hasira. Hasira yenyewe ni ya kitu ambacho wengi watasema ni kidogo: lile giza linalotokea kwenye skrini kubwa klipu moja ya video inapoisha, kabla ya nyingine kuanza.

Nianze kwa kuungama. Niliwahi kuandika programu ya kuchezesha video kwenye hafla, nikampa binamu yangu ambaye hukodisha projekta na spika. Akaitumia kwenye mazishi. Kulikuwa na klipu mbili za marehemu: moja akiimba kanisani, nyingine akicheka na wajukuu. Ya kwanza ikaisha, dirisha likajifunga, na waombolezaji wote wakaona sura ya mwanzo ya laptopu: picha ya timu ya mpira na folda za sinema. Zilikuwa kama sekunde mbili tu. Vijana waliokaa nyuma wakacheka. Mzee mmoja akamwendea binamu akamwambia, "Kijana, hata heshima ya siku moja imekushinda?" Binamu akaomba msamaha, na jioni akakatwa malipo. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Nikanyamaza.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Programu yangu ilifanya hivi: funga faili la kwanza, fungua la pili, soma maelezo yake, washa dekoda, subiri fremu ya kwanza, kisha onyesha. Kila hatua inakula muda. Video ya fremu 25 kwa sekunde inakupa milisekunde 40 tu kwa kila fremu. Kazi hiyo yote ikichukua nusu sekunde, umekosa fremu 12, na jicho la mtu yeyote litaona. Kwa ufupi, niliichukulia hafla kama orodha ya mafaili ya kufunguliwa moja baada ya jingine. Nawaambia wazi, programu nyingi zinazouzwa kama za "maonyesho ya moja kwa moja" bado zimeandikwa kwa fikra hiyo hiyo.

Dawa yake si siri. Unakuwa na deki mbili, kama DJ na sahani zake. Klipu A inapocheza mbele ya watu, klipu B iko nyuma, faili limeshafunguliwa, fremu yake ya kwanza iko tayari kwenye memori. Fundi akibonyeza, hakuna cha kusubiri. Ukitaka A ififie huku B ikijitokeza, ni hesabu ya darasa la nane: kila pikseli ni sehemu ya A ukijumlisha sehemu ya B. Kwa sekunde moja ya fremu 25, sehemu ya B inapanda asilimia 4 kila fremu mpaka A inaisha. Na sauti ufanye vivyo hivyo, isije ikakatika kwa mshindo.

Sasa nazijua sababu zetu, maana nimezitumia zote.

Ya kwanza: "Memori haitoshi." Hebu tupige hesabu. Fremu moja ya 1920 kwa 1080, baiti 4 kwa pikseli, ni kama megabaiti 8.3. Ukihifadhi fremu ya kwanza ya klipu 20, ni megabaiti 166. Kivinjari chako chenye kurasa chache kinakula zaidi ya hapo.

Ya pili: "Mteja anunue mashine yenye nguvu." Kucheza video mbili kwa pamoja kunahitaji nguvu, sikatai. Lakini kama mashine ni dhaifu, basi acha fremu ya mwisho ya A ibaki kwenye skrini mpaka fremu ya kwanza ya B iwe tayari, ndipo ubadilishe. Hiyo haihitaji kadi ya grafiki ya bei mbaya. Inahitaji mwandishi aliyefikiri.

Ya tatu: "Fundi aunganishe klipu zote ziwe faili moja." Wewe umewahi kuhudhuria hafla? Mchungaji huongeza dakika 10. MC huruka kipengele. Mgeni rasmi huchelewa. Hafla si filamu, na ndiyo maana fundi alihitaji programu yetu.

Kuna sababu moja ya kweli, nayo naiheshimu: mafaili yenyewe. Video ya H.264 haihifadhi kila fremu ikiwa kamili. Inahifadhi fremu kamili hapa na pale, na zilizo katikati zinaeleza mabadiliko tu. Fundi akitaka klipu ianzie katikati, dekoda hurudi kwenye fremu kamili iliyotangulia na kupiga hesabu kutoka hapo. Ndiyo maana watu wa majukwaa hupenda kodeki kama HAP, DXV na ProRes, ambazo kila fremu inajitegemea, ingawa mafaili yake ni mazito. Lakini hata hiyo ni hoja ya kutayarisha klipu mapema, si ya kungoja mpaka kitufe kibonyezwe.

Na msiniambie haiwezekani bila pesa nyingi. Shirika la utangazaji la Uswidi, SVT, lilitengeneza CasparCG na kuifanya huria. Humo amri ya LOADBG inatayarisha klipu ijayo nyuma ya pazia, na PLAY inaileta mbele. OBS Studio nayo ni ya bure, na mfifio wake wa kawaida ni milisekunde 300. Ila angalia: humo kuna chaguo la kufunga faili la video lisipotumika. Linaokoa memori, lakini faili litafunguliwa upya zamu yake ikifika. Ukiliwasha, ujue unachonunua.

Sisemi giza ni baya. Mwongozaji akilitaka giza la sekunde tatu, mpe sekunde tatu kamili. Giza alilolichagua ni lake. Giza lisiloombwa ni bagi, na bagi ina mwenyewe.

Jaribu hivi leo: chukua programu yako, rekodi skrini kwa simu klipu zikibadilishana, kisha pitia fremu moja moja. Ukiona hata fremu moja nyeusi, usimtafute fundi.

Mimi niliiandika upya yangu kwa wiki tatu. Kisha nikampelekea binamu zile pesa alizokatwa.