Waifai Tunayo, Kompyuta Ziko Wapi?

Wiki ya pili ya Februari laptop yangu ilizimika na haikuwaka tena. Fundi wa mtaani aliifungua, akaitazama, akaifunga, kisha akanitajia bei iliyokaribia nusu ya kodi yangu ya mwezi. Ilikuwa Alhamisi usiku. Insha ilitakiwa Jumatatu, nami Ijumaa na Jumamosi nina zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikajipa moyo: si chuo kina chumba cha kompyuta?

Kilikuwa nacho. Chuo chenyewe sikitaji, maana chama chetu kina watu wa vyuo kadhaa vya London, na kila tukikutana nasikia kisa hikihiki, jengo tu ndilo linalobadilika. Mashine zimeondolewa, yamewekwa makochi ya rangi, na ukutani kuna tangazo kwamba intaneti inapatikana kila pembe. Ni kweli, inapatikana. Nilikaa kochini na simu yangu, waifai imejaa, na sina cha kuandikia.

Kuna kabati la laptop za kuazima. Unapewa kwa muda wa saa nne, huruhusiwi kutoka nayo nje, na siku hiyo zilibaki mbili, moja haina chaji. Maktaba ya umma ya mtaani kwangu inatoa kompyuta kwa saa moja, na Jumapili imefungwa. Insha niliimalizia kwa kidole gumba ndani ya basi la usiku. Ilichelewa, nikakatwa alama.

Nisionekane sina shukrani. Mtandao wa eduroam ni jambo kubwa. Jina na neno la siri ulilopewa na chuo chako London vinakufungulia intaneti katika vyuo vingi vya Kenya, ambako huduma hiyo inaendeshwa na KENET, na vya Uganda, chini ya RENU. Waganda wamekwenda mbele zaidi: wameipeleka hata nje ya kampasi, katika baadhi ya maeneo ya mji, ili mwanafunzi asiwe lazima arudi chuoni ndipo asome.

Lakini wakubwa wetu chamani wanakumbuka Dar na Mombasa za kabla ya Julai 2009, wakati kebo ya SEACOM ilikuwa haijafika na intaneti ikipitia setilaiti, polepole na kwa bei. Ulikwenda intaneti kafe, ukapanga foleni, ukalipia nusu saa. Kafe ile, pamoja na joto lake na kibodi iliyofutika herufi, ilikupa vitu viwili: mtandao na mashine. Vyuo vyetu vimebakisha kimoja na kudhani vimetoa vyote.

Wasimamizi husema wanafunzi wengi wana laptop zao, vyumba vilikuwa vitupu, na umeme na matengenezo vina gharama. Hoja hiyo siibezi. Mimi mwenyewe kwa miaka miwili nilipita mlangoni pa chumba kile bila kuingia. Ila walihesabu watu mchana. Msikiti nao saa nne asubuhi ni mtupu, wala hakuna anayetaka kuubomoa. Anayehitaji chumba kile huja saa tatu za usiku: katoka kazini, au kaibiwa laptop kwenye treni, au anaishi chumba kimoja na wenzake wawili na hana hata pa kuweka daftari.

Na sisi tusomao Kiswahili tuna haja ya ziada. Maktaba ya SOAS ina hati za Kiswahili za mkusanyiko wa Taylor na wa Hichens, na nyingi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, mtu yeyote azisome. Ni neema. Lakini jaribu kuzisoma kwenye simu! Hati za Kiarabu zilivyotumiwa zamani, kasra moja ni "i" au "e", na be moja yaweza kuwa "b", "p" au "mb". Bata huyu huenda ni pata. Hutajua mpaka uweke nakala mbili bega kwa bega, uzikuze, na ufungue kamusi pembeni. Kazi hiyo inataka kioo kipana na kiti cha kukalia.

Hata kompyuta chache zilizosalia zimefungwa, mwanafunzi hawezi kuongeza programu. Ukiandika Kiswahili ukurasa mzima unapigwa mstari mwekundu, na kila niandikapo "wale" mashine inanipendekezea nyangumi wa Kiingereza. Visingizio havipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kuwekewa kikagua tahajia cha Kiswahili ni kazi ya dakika chache kwa mtu wa TEHAMA mwenye ruhusa.

Siombi chumba cha mashine mia. Ishirini zinatosha, katika chumba kinachofunguliwa mpaka usiku wa manane, wikiendi pia. Na laptop za kuazima ziazimwe kwa wiki nzima kama vitabu, maana anayeharibikiwa na mashine yake hatapata nyingine ndani ya saa nne. Mwalimu naye, anapopanga tarehe ya kuwasilisha kazi, aulize darasani nani hana pa kuandikia. Wengi wetu tunaona haya kulisema hilo bila kuulizwa. Mimi nililinyamazia, na alama zilikwenda.

Barua nimeiandika, moja kwa kila chuo chenye wanachama wetu, na iko kwa katibu. Bado ina nafasi za sahihi. Walimu wetu mnaosoma gazeti hili, juu kabisa tumewaachia mistari mitatu.