Antivirusi ya Siku Bando Limekwisha

Ukisoma shahada ya uzamili, hata kama ni ya historia, ndugu zako wanaamini unajua kompyuta. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Antivirusi ipi nzuri?" Ameniuliza baba mdogo, wameniuliza walimu, ameniuliza jamaa aliyenunua laptopu ya mtumba wiki hiyohiyo. Zamani nilikuwa najibu harakaharaka, kwa majina na namba. Siku hizi najibu kwa swali: nzuri lini? Bando likiwepo, au bando likiisha?

Naandika nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kwetu ni Mnazi. Ukisema unatoka Lushoto, watu wa Dar wanakuuliza habari za baridi na ukungu. Mnazi haina hayo. Iko chini, kaskazini mwa milima ya Usambara, kwenye tambarare ya joto inayoelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya. Huku ni mkonge. Tasnifu yangu inahusu watu walioukata, na mwaka jana nilirudi nyumbani kuwahoji wazee waliobaki. Niliwarekodi 14 kwa simu. Simu ilipoanza kujaa, nilihamisha mahojiano matano ya mwanzo kwenye flashi na kuyafuta kwenye simu. Nakala ya pili nikasema nitatengeneza nikifika Dar.

Kabla ya safari hiyo nilikesha siku tatu nikilinganisha antivirusi. Nilichora jedwali kabisa: Kaspersky, Bitdefender, ESET, Avast, Avira, Norton, na Defender inayokuja na Windows. Nikasoma orodha za "10 bora", nikapanga nyota, nikachagua moja. Sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa lake. Ufunguo wa leseni nilipewa na rafiki, naye alipewa na rafiki, na bila shaka ulikuwa unatumiwa na nusu ya hosteli. Baada ya wiki chache ukafungiwa. Alama ya antivirusi ikawa nyekundu, nami nikaizoea kama dereva wa bodaboda anavyoizoea taa ya mafuta.

Huku Mnazi nilikuwa natumia intaneti ya simu. Ili Windows isinile bando, niliiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ikatii, ikaahirisha masasisho. Kwa hiyo nilikuwa na antivirusi iliyofungiwa juu ya Windows isiyosasishwa, na jedwali zuri sana.

Siku moja nilikwenda kuchapisha fomu za ridhaa kwenye steshenari. Niliporudisha flashi kwenye laptopu, folda zote zilikuwa zimegeuka shotikati. Nikabofya, folda ikafunguka kama kawaida, nami nikapuuza. Kesho yake hazikufunguka tena. Nikapanda mjini kwa fundi. Akaniuliza swali moja tu, "Kuna kitu cha maana humu?" Nikamwambia kuna rekodi. Akasikia muziki. Akaifomati flashi, na kwa kuwa ni mkarimu, akanijazia filamu mpaka ikajaa. Hakunitoza hata hela ya filamu.

Baadaye ndipo nilipojifunza jinsi kirusi cha shotikati kinavyofanya kazi, na hapo ndipo hasira ilipoanza. Kirusi hicho kwa kawaida hakifuti faili zako. Kinazificha, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, ili ukibofya ukiendeshe wewe mwenyewe kwa kidole chako. Zamani flashi iliweza kujiendesha yenyewe ikichomekwa, lakini Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima tabia hiyo kwenye Windows za zamani mwaka 2011. Siku hizi kinasubiri ubofye. Na ndani ya Windows ipo amri moja fupi, attrib, inayofichua faili zilizofichwa. Mahojiano yangu matano yalikuwemo muda wote. Yalipotea kwa kufomati, na hata baada ya kufomati pengine yangeweza kuokolewa, kama filamu zisingeandikwa juu yake.

Wanne kati ya wazee wale niliwahoji tena, ingawa mtu hasimulii mara ya pili kama alivyosimulia ya kwanza. Wa tano alifariki kabla sijarudi.

Sasa nirudi kwenye orodha za "antivirusi 10 bora". Nasema hazikuandikwa kwa ajili yetu, na madhara yake ni kwamba zinatufundisha kuuliza swali lisilo letu. Zinachukulia kwamba kompyuta yako iko mtandaoni saa 24, Windows yako ni halali, na tatizo pekee lililobaki ni kuchagua mlinzi mwenye nyota nyingi. Mtu wa namna hiyo, kusema kweli, karibu hana haja ya kuchagua. Maabara kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima programu hizi mara kwa mara, na tofauti kati ya zile za juu huwa ndogo. Defender, ambayo hulipii chochote, imo katika kundi hilo la juu kwa miaka sasa.

Lakini AV-Comparatives ina safu moja kwenye vipimo vyake vya programu hasidi ambayo orodha nyingi haziitaji: uwezo wa kugundua virusi bila intaneti. Hapo picha inabadilika. Katika ripoti kadhaa, Defender hiyohiyo inafanya vizuri ikiwa imeunganishwa, kisha inashuka waziwazi ikitengwa na mtandao, kwa sababu sehemu ya akili yake iko kwenye seva za Microsoft. Nyingine zinashuka kidogo tu, kwa kuwa zinabeba maarifa yao ndani ya kompyuta. Kwa mtu wa Innsbruck hiyo ni safu ya ziada. Kwa mtu wa Mnazi ndiyo safu ya kwanza. Mimi niliyekesha siku tatu sikuisoma, kwa sababu waliopanga nyota hawakuiweka.

Jambo la pili ni hizi za bure. Tunazipenda, na baadhi ni nzuri. Lakini bure nayo huwa na mwenye kulipa. Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa inauza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Mlinzi uliyemkaribisha ndani akusaidie kufunga mlango alikuwa anaandika kila unakokwenda na kuuza daftari. Na mwaka huohuo Marekani ikapiga marufuku kuuza Kaspersky nchini mwake kwa hoja za usalama wa taifa, kwa kuwa ni kampuni ya Urusi. Kampuni ilikanusha hatari hiyo. Sisemi uamue kwa siasa za wakubwa. Nasema antivirusi huingia mpaka uvunguni mwa kompyuta yako, kwa hiyo kuuliza ni ya nani na inaishi kwa hela gani ni sehemu ya kulinganisha, wala si umbea.

La tatu ndilo linalouma, kwa sababu linatuhusu sisi na mafundi wetu. Kompyuta nyingi ninazoziona "zimepigwa Windows" isiyolipiwa. Programu inayovunja kufuli la Windows mara nyingi huja na maelekezo, na agizo la kwanza ni hili: zima Defender. Fikiria hilo taratibu. Tunamwambia mlinzi alale ili mgeni tusiyemjua aingie na funguo bandia, kisha tunamwita mlinzi mwingine, naye kwa leseni ya wizi, amkamate mgeni tuliyemfungulia wenyewe. Kisha tunauliza antivirusi ipi nzuri.

Najua nitajibiwa: hayo ni maneno ya msomi, watu hawana hela. Baba mdogo aliniambia hivyohivyo. "Mwanangu, hiyo Windows ya kulipia ni hela ya gunia zima la mahindi na zaidi. Nikanunue Windows wanangu wale nini?" Hoja yake ni ya kweli na sina jibu la kumdharau. Kompyuta yake ni ya nyumbani usiku na ya steshenari mchana, na haina uwezo wa kupokea Windows 11, inayohitaji mashine mpya zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, ikaacha muda wa nyongeza kwa masharti. Waliofanya uamuzi huo hawakumfikiria baba mdogo. Hapo nina hasira nao pia.

Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Haukuwa umaskini ulionifanya nitunze sauti za wazee kwenye flashi moja. Wala si umaskini unaotufanya tutumie flashi ileile kutunzia tasnifu, kuchapishia fomu na kubebea filamu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani na kufunga mpaka kompyuta za hospitali Uingereza. Sasisho la Windows la kuziba tundu lile lilikuwa limetolewa Machi, miezi miwili kabla, bila malipo. Lililotenganisha wengi waliopona na wengi waliolia ni kusasisha.

Na hatari si ya mtu mmoja. Kwenye kompyuta ya steshenari kijijini kuna picha za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, maombi ya mkopo ya HESLB, barua za kazi, mikataba ya viwanja. Ndiyo ofisi ya watu wasio na ofisi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haitafika kusafisha flashi ya mtu. Kila kijana anayechomeka flashi pale akijua ina shotikati za ajabu, akasema "potelea mbali, nachapisha tu", anawaambukiza majirani zake.

Basi jibu langu, kwa anayeuliza leo, ni hili. Usianze kwa kununua. Rudisha Defender kwanza, kwa kuwa ukiweka antivirusi nyingine yenyewe hujiweka pembeni, na nyingine ikifungiwa unaweza kubaki huna hata moja. Microsoft hutoa faili moja la orodha mpya ya virusi, linaitwa mpam-fe, unalipakua mara moja na kulisakinisha hata kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Ni zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo mmoja apakue, kumi wagawane. Kwenye Windows 10 Microsoft imeahidi kuendelea kutoa orodha hizo mpaka Oktoba 2028, ingawa haizibi matundu ya Windows yenyewe. Kama una hela ya leseni na siku nyingi huna bando, hapo ndipo ulinganishe, na uanze na safu ya bila intaneti. Ila kabla ya leseni, nunua flashi ya pili. Flashi ya kuchapishia isiwe flashi ya kutunzia. Na fundi akishika kitufe cha kufomati, mshike mkono, umwambie kilichomo ni nini, kwa jina lake.

Wapo watakaosema watu wa kijijini hawatajifunza haya. Watu haohao walijifunza wenyewe kuutambua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hakuna aliyewauzia programu. Walitapeliwa, wakaambiana sokoni, na leo wengi wanaucheka na kuufuta. Shotikati si ngumu kuliko hapo.

Baba mdogo sasa kila Jumatatu asubuhi anapakua lile faili kabla hajafungua mlango wa steshenari. Ukimpelekea flashi anaikagua kwanza, na ikiwa na shotikati anakurudishia na kukuuliza umeitoa wapi. Wateja wengine wananuna. Juzi alinipigia simu kuniambia kuna mwalimu flashi yake ilikuwa imefichwa faili zote za mtihani, naye akazifichua kwa ile amri niliyomwandikia kwenye karatasi, hakufomati. Alikuwa anacheka. Nilimpongeza, nikakata simu, nikafungua ile flashi yangu ya zamani. Bado ina filamu. Sijazitazama, na sijaweza kuzifuta.