Baridi Si Mali ya Wageni

Aishiye Njukini aujua Kilimanjaro kwa macho tu. Asubuhi mawingu yatandukapo, Kibo huonekana juu ya migomba yetu na kichwa chake cheupe. Jioni jua huzama nyuma yake. Wageni huvuka bahari ili waje waupande mlima huo. Sisi tulio mlangoni pake tumeridhika kuutazama, na baba akitaja kuwapeleka mke na watoto huko juu wakati wa likizo, huchekwa na kuambiwa kwamba baridi ile ni ya Wazungu. Nasema kicheko hicho ni cha ujinga. Kinachotuzuia si baridi, wala si umaskini peke yake. Ni kukosa mpango.

Tuanze na neno. Waswahili wa pwani waliugawa mwaka kwa pepo na majira, wakaipa miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, jina la kipupwe. Je, watu wasiojua baridi wangeyapa majira yake jina? Tena fikiri habari ya mwaka 1848. Tarehe 11 Mei mwaka ule, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai na kupita nchi ya Taita akielekea Uchagani, alikiona kilele cheupe. Kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Habari ilipofika Ulaya, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia aliyekaa London, aliikanusha. Hakukubali kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Ilibidi Karl Klaus von der Decken aje kuupanda mlima mwaka 1861 na 1862 ndipo habari ya Rebmann ikathibitika.

Angalia, msomaji: aliyetembea alijua, aliyekaa kitini alibisha. Sisi leo tu upande gani? Nchi tuliyo nayo ni ile aliyoipita yule kiongozi, lakini tabia tumeiazima kwa Cooley. Twatoa hukumu juu ya baridi ambayo hatujaigusa.

Wa kwanza katika wapinzani wangu husema kwamba mwili wa Mwafrika haukuumbwa kwa baridi. Huyu nimjibu kwa ufupi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Na hata leo wapagazi wa Kiafrika huipandisha mlimani mizigo ya wageni wale wale tunaodhani kwamba baridi ni mali yao.

Wa pili husema watoto wataugua. Huyu ana haki ya kusikilizwa, kwa maana baridi huua kweli. Lakini aghalabu humwua asiyejiandaa. Kwa hiyo familia isiote kilele. Sheria ya hifadhi yenyewe haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kupanda hadi huko. Iende Mandara, yapata mita 2,700, mwendo wa saa chache ndani ya msitu kutoka lango la Marangu. Karibu na hapo iko kreta ya Maundi, ambako siku isiyo na mawingu huonekana Kibo upande mmoja na nyanda za Taveta upande wa pili. Mtoto atakayetazama kwao kutoka juu hatalisahau somo lile la jiografia.

Je, baridi ya huko ni kiasi gani? Fanya hesabu mwenyewe. Kwa kila mita 1,000 upandazo, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ikiwa tofauti ya kimo kati ya nyumbani na Mandara ni mita 1,800, joto litapungua nyuzi 11 hivi. Asubuhi iliyo na nyuzi 18 nyumbani itakuwa na nyuzi 7 huko. Baridi hiyo yashindwa kwa nguo. Vaa nguo nyepesi mbili tatu, moja juu ya nyingine, kwa kuwa hewa iliyo kati yake hutunza joto la mwili. Sweta iwe ya sufu, maana fulana ya pamba ikilowa huiba joto. Ongeza soksi kavu, kofia na koti la mvua. Vyote hivi hupatikana katika mitumba kwa mwenye kuvitafuta mapema.

Wa tatu husema hana fedha. Simcheki, maana kiingilio cha hifadhi na ujira wa kiongozi si vitu vidogo, ijapokuwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio pungufu kuliko wageni wa mbali. Lakini namwuliza: je, umepata kukaa na mkeo na wanao mkapiga hesabu? Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba iuzayo ndizi ikitenga kidogo kila siku ya soko tangu Septemba, Agosti itaikuta na akiba. Nao wasioweza kabisa wasivuke mpaka. Waende Wundanyi wakati wa kipupwe, wapande Vuria, mita 2,208, wakaonje ukungu na baridi ya Milima ya Taita.

Mpango wenyewe si mgumu. Likizo ya Aprili haifai, kwa kuwa ni masika na njia za msituni huwa matope. Agosti ni baridi lakini kavu. Hati za kuvukia mpaka wa Taveta na Holili, za watoto pamoja na za wazazi, zitafutwe miezi kabla. Kiongozi awe na leseni. Mwendo uwe wa polepole, na anayeumwa kichwa na kutapika ashushwe mara moja.

Kazi ya kuuandika mpango huu naiweka juu yako, mwanafunzi, maana wewe ndiwe uliyefundishwa hesabu na ramani. Wala usingoje hata upate kazi na mshahara. Kati ya mwaka 1912 na 2011, Kilimanjaro ulipoteza asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na mwaka 2022 UNESCO ilitabiri kwamba iliyosalia itatoweka kabla ya 2050. Wakati huo huenda nawe una watoto. Watakuuliza barafu ya Kibo ilikuwaje ulipokuwa kijana, nawe uliyekaa chini yake miaka yote utawajibu nini?