LUGHA YETU: Kukaza, Kuimarisha na Kutia Nguvu

Msomaji wetu mmoja wa Ndhiwa, karani wa chama cha wakulima, atuuliza swali lenye maana. Aliandika tangazo kwamba: "Kamati imeimarisha masharti ya mkopo wa mbolea." Wanachama waliposoma walifurahi, wakidhani mkopo umekuwa mwepesi. Kumbe kamati ilikuwa imeamua kwamba kila mkopaji alete wadhamini wawili badala ya mmoja. Siku ya kugawa mbolea wengine walirudishwa mikono mitupu, na mvua ilikwisha kuanza. Je, kosa liko wapi?

Kosa li katika neno moja. Kuimarisha hutokana na imara, yaani kitu kilichosimama sawasawa, kisichotikisika. Huimarishwa ukuta wa ghala, ukingo wa mtaro, afya, umoja na urafiki. Ni neno la heri. Alisikiaye hutazamia mema. Basi si ajabu wanachama walifurahi.

Neno lililotakiwa ni kukaza. Mkulima hulijua vema, maana hukaza kamba za nira kabla ya kulima, ng'ombe asiponyoke. Kwa mfano huo husemwa kukaza mwendo, kukaza moyo, na pia kukaza masharti, yaani kumbana mtu asipate nafasi kubwa kama ya kwanza.

Neno la tatu ni kutia nguvu. Hili lafaa kwa mwili na kwa moyo wa mtu. Lakini katika habari za sheria lataka hadhari. Sheria ikisemwa kuwa "imepata nguvu" maana yake imeanza kutumika, wala si kwamba imekuwa kali. Vivyo hivyo, huko Tanzania mahakama husema kukazia hukumu, nayo maana yake si kuongeza adhabu, bali kuhakikisha yaliyoamriwa yanatimizwa. Tena kutilia mkazo, au kusisitiza, ni kazi ya msemaji tu: hutaka jambo lishikwe, bali jambo lenyewe halikubadilika.

Wenzetu wa Ndhiwa wanaosema Kijaluo wana sababu ya kuchanganya. Katika lugha yao neno moja, tek, hubeba ugumu na nguvu pamoja. Kiswahili kimeyagawa mambo hayo: kazi huwa ngumu, fahali huwa na nguvu, sheria huwa kali, na nguzo huwa imara.

Iko njia nyepesi ya kupima. Kabla ya kuandika, tafuta kinyume cha neno lako. Kinyume cha kukaza ni kulegeza. Cha kuimarisha ni kudhoofisha. Na sheria iliyopata nguvu kinyume chake ni iliyofutwa. Karani wetu angalijiuliza, "Je, zamani masharti yalikuwa dhaifu, au yalikuwa yamelegea?" angaliona mara moja neno limfaalo.

Hata hivyo, neno sahihi peke yake halitoshi. Tangazo jema lingalisema: "Kamati imekaza masharti ya mkopo. Kuanzia msimu huu kila mkopaji alete wadhamini wawili." Sentensi ya pili ndiyo impelekayo mtu nyumbani akijua la kufanya. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Aandikaye tangazo kwa lugha hiyo ameshika mkononi mavuno ya watu, na hana budi kuchagua maneno kama achaguavyo mbegu.