Video Haiwezi Kukushikia Pawaso

Wasee, ile video yangu nikikata mkaratusi na pawaso, nimevaa slipasi na miwani ya jua, nimeifuta. Ndiyo ilikuwa na watazamaji wengi kuliko zote. Mmenijaza inboksi mkiuliza imeenda wapi, kwa hivyo leo nawajibu.

Pawaso nilijifunza kwa simu. Niliacha chuo nikiamini hakuna kitu intaneti haiwezi kunifunza, na kushuti na kuhariri imenifunza poa kabisa. Lakini ukikosea kuhariri, unarudia. Ukikosea na mnyororo unaokimbia karibu mita 20 kwa sekunde, utarudia na mkono gani?

Mzee mmoja wa kwetu, fundi wa kuangusha miti, aliona hiyo video. Hakunisifu. Aliniambia, "Kijana, hii itaua mtoto wa mtu. Kesho kuja shambani."

Siku ya kwanza hatukuwasha mashine hata mara moja. Tulinoa meno kwa tupa tu. Nililalamika, mzee akanyamaza. Baadaye ndio nikaelewa: mnyororo mkali unatoa vipande vya mbao, butu unatoa vumbi, na ukiwa butu unaanza kusukuma mashine kwa nguvu. Hapo ndipo ajali inakungoja.

Siku ya pili ilikuwa ya teke. Ukigusa mti na sehemu ya juu ya ncha ya upanga, mashine inaweza kuruka nyuma kuelekea uso wako kabla hujapepesa jicho. Hiyo nilikuwa nimeiona kwa video hata mara kumi. Kitu sikuwa nimeona ni kidole gumba changu cha kushoto, kilikuwa kinalala juu ya mpini badala ya kuuzunguka. Mzee alikigonga kwa kijiti kila kikisahau, mpaka kikazoea. Sasa niambieni, ni video gani itakugonga kidole?

Siku ya tatu tuliangusha mti. Kwanza unaangalia umeinamia wapi na upepo unatoka wapi, kisha unafyeka njia ya kukimbilia, nyuma kwa upande. Unakata pengo upande mti utaangukia, halafu unakata kutoka nyuma, ukibakisha bawaba kama sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Mimi nilitaka kumaliza yote. Mzee alinipigia kelele, "Wacha!" Bawaba ndiyo inaongoza mti. Ukiikata, mti unaangukia popote unapotaka wenyewe.

Najua mtasema mafunzo ni gharama na kibarua ni cha leo. Ni kweli, njaa haingoji. Ndiyo maana simlaumu kijana, namlaumu anayempa mashine na petroli bila kumuuliza alifunzwa na nani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na usimamizi. Hata boda huwezi kuendesha kihalali bila leseni, lakini pawaso tunapeana kama jembe!

Na sisi wa kutengeneza video pia tuna makosa. Tuonyeshe kazi, sawa, lakini tusijifanye walimu wa kitu kinachohitaji mtu kusimama kando yako.

Hiyo video hairudi. Kama kuna kijana huko kwenu anayeanza hii kazi, mtafutie mzee wa kumgonga kidole.