Mnyaa: Ua Usioliwa na Mchwa

Kila kiangazi huku Kibaoni, kama katika vijiji vingine vya Katavi, baba mwenye nyumba hushika shoka aende porini kukata miti ya ua na ya zizi. Haupiti muda mrefu, mchwa wamekwisha kuila. Mwaka wa pili kazi ni ile ile, na pori limezidi kuwa mbali.

Basi leo tuzungumze habari za mnyaa, ambao wengine huuita manyara. Ni mti wa asili ya Afrika. Majani yake ni madogo sana, nayo huanguka upesi. Kazi ya majani hufanywa na matawi yenyewe ya kijani. Matawi hayo hufungua vitundu vyake usiku, wakati wa ubaridi, ili maji yasipotee. Ndiyo sababu jua la toka Mei hata Oktoba haliuui. Wamea penye mchanga na hata penye mawe. Usichokipenda ni maji yaliyotuama. Tena ng'ombe kwa kawaida hawauli. Wamasai wameutumia kuzungushia maboma yao tangu zamani, na Ziwa Manyara lasemekana limepata jina lake kwa mti huu.

Kuupanda ni rahisi. Kata vipande vya urefu wa sentimita 30 hadi 50. Viweke kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke, kisha uvichomeke ardhini mvua za Novemba zinapoanza, kwa mstari, karibu karibu.

Lakini sikia neno hili, baba. Nawe mama, uwaambie watoto. Utomvu mweupe wa mnyaa ni mkali mno. Huunguza ngozi, na ukiingia jichoni waweza kumtia mtu upofu wa siku kadhaa, au kuliharibu jicho kabisa. Kwa hiyo uupande mpakani mwa shamba na kwenye zizi, si mlangoni wala mahali watoto wanapochezea. Unapoukata, geuza uso, usisimame upepo unakoelekea, kisha unawe mikono na kuosha panga.

Mtoto akipatwa jichoni, asilifikiche. Mwagie maji safi mengi kwa muda wa dakika 20, halafu umpeleke zahanati siku ile ile. Usitie maziwa ya mama, wala dawa ya majani.

Tena wako watu wanaotia utomvu huu mtoni wapate samaki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu. Na fikiri pia, jirani yako wa bondeni achota maji katika mto huo huo.

Mnyaa ni mlinzi mwema, lakini mahali pake ni nje. Ukiupanda panapofaa, shoka lako litapumzika miaka mingi, na watoto wako watakuwa salama.