Njia Nyekundu Isiyo na Basi: Ahadi ni Deni, Nani Atalipa?



Ahadi ni deni. Wazee waliotuachia methali hii hawakupita katika vyuo vya sheria, lakini waliutamka kwa maneno matatu tu msingi wa sheria yote ya mikataba: aliyeahidi amedaiwa. Kuna swali moja ambalo methali haikulijibu, nasi tunaliuliza katika toleo hili. Mdaiwa anapokuwa serikali, na siku ya kulipa ikapita, ni nani anayebeba hasara?

Tuanze na mambo yaliyo wazi. Mwezi wa Februari 2017 serikali iliunda, kwa amri ya Rais, mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji kuu la Nairobi, iitwayo NaMATA. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuleta mabasi makubwa ya kasi yenye njia yake yenyewe, yasiyonaswa katika msongamano wa magari. Njia 5 zilichorwa na kupewa majina ya wanyama wetu: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mwishoni mwa mwaka 2018 sehemu ya Barabara Kuu ya Thika ilipakwa rangi nyekundu, iwe ishara kwamba hapo ni pa mabasi, na wananchi wakaambiwa kuwa mabasi 64 yangeagizwa kutoka nje. Rangi ilifika, mabasi hayakufika. Mwaka 2021 ujenzi wa vituo ulianza katika barabara hiyo hiyo, kisha nao ukakwama. Mwaka 2025 ulipoanza, zaidi ya miaka 6 tangu rangi ile ipakwe, hakuna hata abiria mmoja aliyekuwa amesafiri kwa basi la Simba.

Na kana kwamba kungoja peke yake hakutoshi, tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti ya Nairobi ilizipiga matatu marufuku kuingia katikati ya jiji. Gari la zamani liliondolewa kabla gari jipya halijaonekana. Siku hiyo watu kwa maelfu walitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, na kesho yake amri ikasitishwa. Hakuna aliyewalipa mshahara waliokatwa kwa kuchelewa. Hivyo ndivyo deni la serikali linavyolipwa katika nchi hii: hulipwa kwa nyayo za maskini.

Watakuwapo watakaouliza: Kiamunyi na Barabara ya Thika, wapi na wapi? Tunawajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, fedha za umma hazina mtaa. Kodi iliyomo ndani ya kila lita ya mafuta inayochomwa na matatu kutoka Kiamunyi kwenda mjini Nakuru huingia katika hazina ile ile inayogharamia miradi ya Nairobi. Abiria wa hapa huilipa kodi hiyo ndani ya nauli yake, apende asipende. Aliyelipa ana haki ya kuuliza.

Pili, tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilitunukiwa hati ya kuwa jiji. Mji ukishapewa cheo, ahadi huufuata kama nzi wanavyofuata asali. Uchaguzi wa mwaka 2027 utakuja na ramani za rangi, na picha za magari yanayong'aa, na tarehe zitakazotajwa kwa sauti kubwa. Ni heri tujifunze mapema namna ya kuipokea ahadi, kabla haijatufikia mlangoni.

Tatu, jambo hili si geni kwetu. Wasomaji wetu wenye umri watalikumbuka Basi la Nyayo. Shirika lile la serikali lilianzishwa mwaka 1986, nauli zake zikawa nafuu, na wengi walilipenda. Lakini kabla ya kumalizika kwa muongo mmoja lilikuwa limekufa. Katika siku za chama kimoja, nani angesimama kuuliza hesabu za shirika lililobeba jina la falsafa ya mtawala? Kilichokufa kwanza kilikuwa swali. Basi lilikufa baadaye.

Tunataka kuwa waadilifu. Hatusemi kwamba kuchelewa ni dhambi isiyosameheka. Viwanda huchelewa, meli huchelewa, na fedha za kigeni hupanda bei. Hata nchi tajiri hukumbwa na balaa hili. Mwaka 2009 jiji la Toronto, nchini Kanada, liliagiza tramu 204, yaani magari ya abiria yanayopita juu ya reli katikati ya barabara za mji, kutoka kampuni ya Bombardier. Magari hayo yalichelewa sana, na la mwisho lilifika Januari 2020. Basi Wazungu nao huchelewa. Tofauti iko hapa: ratiba ya kuyaleta ilijulikana, idadi iliyoahidiwa ilijulikana, na idadi iliyofika ilijulikana. Raia yeyote aliyejua kutoa aliweza kupata upungufu. Na mwaka 2015 bodi ya tume ya usafiri ya jiji hilo ilipiga kura kuidai kampuni fidia ya angalau dola milioni 50 za Kanada. Deni lilipewa jina, mdaiwa akatajwa, na mlipaji hakuwa abiria peke yake.

Tutazame pia kwa majirani zetu wa Tanzania, ambao katika jambo hili wametutangulia. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza kubeba abiria katika njia ya Kimara mnamo Mei 2016, yakiwa 140. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini awamu ya pili, njia ya Mbagala yenye urefu wa kilomita 20 hivi, ilijengwa na mabasi yake yakakawia, wakazi wakawa wanaitazama barabara tupu huku wao wakisongamana katika daladala kando yake. Mabasi ya Mbagala yalianza kazi Oktoba 2025. Mwezi huo huo ulipoingia, hasira za abiria wa Kimara waliochoka kungoja vituoni zilifurika, na Rais wa nchi hiyo akawaondoa wakuu wa wakala na wa kampuni ya mabasi hayo. Sisi hatumtetei aliyefukuzwa. Twasema tu kwamba kumfukuza mkuu ni kazi ya dakika moja, na abiria haelezwi kwayo ni nini kilichoandikwa katika mkataba.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tarehe inayotangazwa jukwaani bila mkataba ulio wazi haimfungi mtu yeyote. Katika mkataba wowote wa maana wa kuleta bidhaa huwamo siku ya kufikisha, bei, na fidia ya kuchelewa, yaani kiasi ambacho muuzaji atakatwa kwa kila siku au kila juma atakalopitisha. Mfanyabiashara wa Nakuru hawezi kununua lori moja bila kuhakikisha mambo hayo. Kwa nini basi taifa lizima likubali kununua mabasi kwa neno la mdomo?

Sheria tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 227 kinaagiza kwamba ununuzi wa umma ufanywe kwa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Kifungu cha 226 kinasema kwamba mwenye cheo anayeidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria atawajibika kuirudisha hasara, hata akiwa ameshaondoka ofisini. Na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, haimlazimishi mwombaji kueleza sababu zake, na inaitaka ofisi husika ijibu kabla ya siku 21 kupita. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman.

Msidhani kwamba haya ni maandishi ya kupamba kabati. Serikali ilipoficha mikataba ya reli ya kisasa kwa miaka mingi, watetezi wa haki, akiwamo Khelef Khalifa wa Mombasa, walikwenda mahakamani. Mwezi wa Mei 2022 Mahakama Kuu huko Mombasa iliamuru mikataba hiyo itolewe, na mwezi wa Novemba mwaka huo baadhi ya kurasa zake zikawekwa hadharani. Kama mkataba wa mabilioni ya reli uliweza kudaiwa, mkataba wa mabasi 64 hauwezi kuwa siri ya mbinguni.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja linaloweza kufanywa na kila tawi letu, kila parokia na kila jumuiya ndogo ndogo hapa Kiamunyi na kwingineko. Andikeni barua moja ya Kiswahili fasaha kwa wizara inayohusika, mkiuliza maswali manne. Je, mkataba wa kuleta mabasi ya kasi uliwahi kutiwa sahihi, na kama ndivyo, lini, na nani, na kwa bei gani? Kama haukutiwa sahihi, ni nani aliyeidhinisha kutangazwa kwa mabasi hayo? Ni fedha ngapi za umma zimekwisha kutumika katika rangi, vituo na ushauri, na zililipwa kwa nani? Na nani ametozwa fidia ya kuchelewa? Wekeni nakala ya barua, andikeni tarehe iliyopokelewa, kisha hesabuni siku 21.

Kanisa nalo lijitazame. Ahadi nyingi za barabara na mabasi hutolewa mbele ya madhabahu, Jumapili, kati ya mahubiri na sadaka, na waumini hupiga makofi. Tunawaomba wachungaji wetu kwa heshima yote: anayetaka kutaja tarehe kanisani aje na hati mkononi. Asiye nayo na aketi, asikilize neno la Mungu pamoja na wengine.

Waliotutangulia katika harakati hizi walipigwa marungu na kutiwa kizuizini hadi kifungu cha 2A kikaondolewa katika katiba ya zamani mnamo Desemba 1991. Hawakuteswa ili tuwe na orodha ndefu ya vyama kwenye karatasi ya kura. Waliteswa ili Mkenya aweze kuiuliza serikali yake swali na kujibiwa. Nchi yenye vyama mia na isiyoulizwa swali ingali nchi ya chama kimoja.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mjane wa Injili ya Luka hakungoja. Alimrudia kadhi dhalimu, akamrudia tena, hata kadhi mwenyewe akachoka kumnyima haki yake. Barua ya kwanza ikinyamaziwa, tuandike ya pili.